Shangazi, wananiuzia nyumba "ya kijani", niongeze hiyo laki sita ama niachane nayo?

Shikamoo shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mombasa, nafanya kazi ya ofisi na mume wangu ana duka la spea za magari. Tunakaa nyumba ya kupanga Kisauni mwaka wa tisa huu na tumejinyima sana tukaweka akiba, sahi tunayo ya kuanzia na benki imekubali kutupa mkopo wa nyumba kwa iliyobaki.

Sasa kuna gorofa zinajengwa upande wa Nyali, za vyumba vitatu, wamefika gorofa ya nne na zinauzwa kwenye ramani. Bei ni milioni 6.8. Hatua kidogo kutoka hapo kuna nyingine karibu sawa na hiyo, vyumba vitatu, lifti, parkingi, hiyo ni milioni 6.2. Nilipomuuliza ajenti mbona nyinyi mko juu hivo akaniambia hii yetu ni nyumba ya kijani mama, ina cheti cha EDGE, imekaguliwa na watu wa nje kabisa, bili yako ya stima na maji itashuka 20%, na ukija kuuza siku za mbele utauza bei nzuri kwa sababu watu wote sasa wanaulizia nyumba zenye cheti. Akanitumia picha ya cheti kwenye WhatsApp. Nikakisoma vizuri nikaona kimeandikwa kwa Kiingereza "Preliminary Certificate", nikamuuliza hii maanake nini akasema ni jina tu la cheti nisijali.

Mume wangu hataki kusikia. Yeye anasema kijani ni rangi, ati hao wamepata neno la kupandishia bei, na kwamba hiyo pesa bora tununue ploti Mtwapa tujenge wenyewe pole pole. Mimi sitaki kujenga pole pole shangazi, nimeona dadangu alivoteseka, miaka saba nyumba haina madirisha. Lakini pia sitaki kuonekana mjinga nimelipa laki sita za karatasi.

Na kuna kitu kimoja kinanisumbua moyoni. Ukumbi wa ile nyumba unaangalia machweo na kwenye ramani wamepanga kioo kutoka chini mpaka juu. Nilienda kuona saa kumi jioni, bado hakijatiwa hicho kioo ni uwazi tu, lakini jua lilikuwa linaingia mpaka ukuta wa pili. Ajenti akasema kioo chao ni spesheli. Kwetu sahi tunatumia kama 5,500 za tokeni kwa mwezi, AC ni moja tu chumba cha watoto, na maji tukihesabu ya mfereji na boza ni kama 3,500. Wametupa wiki mbili tulipe 10%. Nifanye nini?

Mwenye wasiwasi, Mombasa

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza nikupe pole na pia nikupe hongera maana wewe umesoma ile karatasi mpaka ukaona neno ambalo ajenti alitaka ulipite. Na mume wako naye usimuone mkorofi, swali lake ni zuri tu, na mwisho wa barua hii utaona nusu ya hesabu nimempa yeye.

Tuanze na hilo neno. Hapana, si jina tu la cheti. EDGE ni mpango wa IFC, ile taasisi ya Benki ya Dunia inayoshughulika na biashara za watu binafsi, na cheti chake kinakuja mara mbili. Mara ya kwanza jengo likiwa bado liko kwenye makaratasi: mwenye mradi anaingiza ramani na vifaa vyake kwenye programu ya EDGE, mkaguzi aliyefunzwa anapitia, halafu shirika la kutoa vyeti kama GBCI au Sintali likiridhika linatoa hicho cha awali ulichotumiwa wewe. Kinasema tu kwamba likijengwa vile lilivochorwa litafikia kiwango. Mara ya pili ni jengo likiisha, mkaguzi anakuja saiti kwa miguu yake, anaingia baadhi ya nyumba, anafungua mifereji, anatazama taa na vioo na paa, anapiga picha, anadai risiti za vifaa vilivonunuliwa, na hapo ndio kinatoka cheti cha mwisho. Na yule aliyemshauri developa haruhusiwi kuwa ndiye mkaguzi wa mradi huo huo. Kwa hiyo ajenti wako hakusema uongo kwamba kuna watu wa nje, ila hao watu wa nje mpaka leo wameona karatasi, hawajaona nyumba, na watawezaje kuiona nawe ulipokwenda umekuta uwazi pahala pa kioo?

Ngoja nikwambie kwa nini hilo la pili nalishikilia hivi. Mimi nimekaa ofisi ya kontrakta miaka ishirini na kitu nikipiga hesabu za vifaa, na hata hivo nyumba yangu mwenyewe nilinunua kwa maneno matupu. Niliambiwa maji moto ni ya sola, nikapelekwa chini nikaoneshwa juu ya paa, kweli sola ziko zinametameta, nikafurahi. Nimeshahamia mwezi wa pili tokeni zinakwisha kama maji, nikamwita fundi akapanda, akashuka anacheka akaniambia mama hizi hazijaunganishwa na kitu chochote, paipu zimekatwa zikazibwa. Miaka mitatu tumegombana na yule aliyeniuzia mpaka nikaunganisha kwa pesa yangu. Angekuwepo mtu mmoja tu asiyelipwa mshahara na muuzaji, akapanda ngazi siku ile na kalamu yake, yasingenipata. Basi ndio maana nikisikia mtu anasema vyeti hivi ni vya wazungu havituhusu roho inaniuma, vinatuhusu sana sisi tunaonunua mara moja maishani.

Sasa hiyo 20%. Hapa ajenti amekuchanganya, labda na yeye amechanganyikiwa. Kiwango cha EDGE ni 20% mara tatu: stima angalau 20%, maji angalau 20%, na ile nguvu, au moshi wa kaboni, inayokwenda kutengeneza vifaa vya kujengea angalau 20%, moja ikikosa hakuna cheti. Lakini ni 20% chini ya nini? Si chini ya bili yako ya Kisauni. Ni chini ya jengo la mfano ambalo programu inalipiga hesabu, jengo kama yanavojengwa mengi hapa kwetu, kwa hali ya hewa ya hapa. Na kuna kitu wengi hawakijui, nyumba kama haina AC ile programu inahesabu hata hivo stima ambayo ingehitajika kuipoza ili mtu akae raha. Kwa hiyo kwenye karatasi nyumba inaweza kuokoa stima nyingi ya kupoza ambayo wewe mwenye AC moja ya chumba cha watoto hujawahi kuilipa. Hiyo si wizi, ni njia yao ya kupima joto, na kwa mji kama Mombasa naona ni njia ya haki maana nyumba isiyohitaji AC ndiyo nyumba. Ila usiketi ukangoja tokeni zishuke 20% kamili.

Haya tufanye kama vile zitashuka kweli, tumpe ajenti haki yake yote. Stima 5,500 na maji 3,500 ni 9,000 kwa mwezi. 20% yake ni 1,800. Kwa mwaka ni 21,600. Chukua laki sita ugawanye, unapata miaka 27 na kitu. Tuseme hata wamefika daraja la juu, EDGE Advanced, ambalo stima inatakiwa ipungue 40%, hapo utaokoa 2,200 za stima na 700 za maji, 2,900 kwa mwezi, bado ni miaka 17. Bei ya stima ikipanda itafupika kidogo, sawa, lakini hata hivo. Mwambie mume wako hapo amesema kweli, laki sita kwa sababu ya bili peke yake hailipi.

Na ukitazama vitu vyenyewe vinavoleta hizo asilimia, vingi si ghali hata. Mifereji na shawa zinazotoa maji kidogo, choo chenye vifungo viwili, taa za LED, paa lililopakwa nyeupe lirudishe jua, feni za dari, vivuli vya zege juu ya madirisha, madirisha yenyewe kupunguzwa ukubwa, mbona kupunguza kioo kunapunguza gharama! Upande wa vifaa ni slabu za kumimina juu ya bloku zenye uwazi ili simenti iwe chache, maana simenti inaokwa kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,450 hivi na hapo ndipo nguvu nyingi inakoishia, na huku kwetu pwani tuna mawe ya matumbawe ya kuchonga yanatoka karibu tu. Kwa hiyo waombe wakueleze kwa maandishi laki sita imekwenda wapi. Huenda ikawa ile nyumba ni kubwa zaidi kwa mita za mraba, au ina jenereta, au sola yenyewe ni kubwa, hizo ni sababu za kueleweka. Jibu likiwa "cheti" basi bei hiyo ni ya kupiganiwa, na ujue wana nafasi ya kushuka.

Umeniambia ajenti anasema watu wote sasa wanaulizia. Wote si kweli lakini wanaongezeka, na walioanza hasa si wanunuzi kama wewe, ni wenye pesa. Acorn, wale wanaojenga hosteli za wanafunzi Nairobi za Qwetu na Qejani, 2019 walichukua bilioni 4.3 kwa hati fungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji wa kujengea majengo ya kijani tu, ya kwanza hapa Kenya, Januari 2020 ikaorodheshwa soko la hisa la Nairobi na la London pia. Mtu anayekopesha pesa nyingi namna hiyo hataki kuambiwa tu kwamba jengo ni la kijani, anataka mtu wa tatu aseme, na zile hosteli zikapimwa kwa EDGE. Baada ya hapo kila developa anayetafuta mkopo wa bei nafuu anajua cheti kinamfungulia mlango. Nakueleza hivi ili ujue cheti kile kina faida kwake hata kama wewe hujalipa senti juu yake, na hilo ni neno la kumwambia mezani ukiwa unabagen. Uliza pia benki yako wewe, kama wana mkopo wa nyumba wa riba nafuu kwa nyumba yenye cheti. Wakiwa nao hesabu yangu ya miaka 27 inageuka kabisa, maana nusu asilimia ya riba kwenye mkopo wa milioni tano ni 25,000 mwaka wa kwanza, imeipita akiba yote ya bili.

Hiyo ya kuuza bei nzuri siku za mbele, mwanangu mimi siwezi kukuahidi. Huku pwani nyumba bado inauzwa kwa mahali ilipo na hati na maji. Hasa maji.

Na kwenye maji hapo ndipo mimi ningekuwa mkali kuliko stima. Sisi Mombasa maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo ni zaidi ya kilomita 200, mengine Baricho, Marere, Tiwi, yote nje ya kaunti, ndio maana ikitokea paipu imepasuka mahali mji mzima unabeba jerikeni. Nyumba inayotumia maji kidogo hapa inamaanisha tangi linakaa siku mbili zaidi kabla ya kuita boza. Uliza tangi ni la ukubwa gani kwa kila nyumba, maji ya mvua yanakingwa ama yanaachwa yaende barabarani, na kisima chao maji yake yamepimwa chumvi, maana ile mifereji ya kuokoa maji ina vitundu vidogo sana na maji ya chumvi yakipita miezi sita vinaziba, watu wanaing'oa wanaweka ya kawaida, na cheti kiko ukutani kinaning'inia. Hakuna mkaguzi anayerudi miaka mitano baadaye kuangalia mifereji ya nyumba yenye cheti cha kawaida. Itakuwa ni kazi yenu wenye nyumba, chini ya ile sheria ya Sectional Properties ya 2020, ya gorofa ambazo kila mtu anamiliki nyumba yake, mtakuwa na shirika lenu la pamoja, nenda kwenye mikutano hiyo hata kama inachosha.

Sasa kile kioo. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi kuliko cheti. Wazee wetu wa Mji wa Kale hawakuwa na programu wala mkaguzi lakini walijenga kuta za matumbawe na chokaa upana wa karibu nusu mita, madirisha marefu membamba yenye mbao, vichochoro vyembamba nyumba hii inatia nyenziwe kivuli, ukiingia ndani saa nane mchana wa mwezi wa tatu unahisi umeingia mtungini. Walijua jua la jioni ndilo baya maana linakuja chini chini linaingia mpaka ndani, kivuli cha juu ya dirisha hakilizuii. Kioo cha sakafu mpaka dari upande wa machweo hapa kwetu, hata kiwe spesheli vipi, kinataka kivuli cha kusimama mbele yake, mbao au bloku za matundu au roshani yenye kina. Kinaweza kuwa kimepita kwenye hesabu kwa sababu wameokoa mahali pengine, programu inajumlisha, wala haiihurumii nyumba yako moja iliyo upande mbaya. Kwa hiyo uliza: hicho kioo kinapitisha jua kiasi gani, wana namba yake kwenye makaratasi ya EDGE na lazima waijue, na je kuna nyumba kama hiyo upande wa pili inayopata upepo wa kusi? Ikiwepo ningeichukua hiyo hata iwe gorofa ya chini.

Na usisahau cheti hiki hakisemi chochote kuhusu msingi, nondo, nyufa, wala hati ya ardhi. Jengo linaweza kuokoa stima vizuri sana na likawa bovu. Hayo unayatafuta kwingine: mradi uwe umesajiliwa na NCA, ile mamlaka ya taifa ya ujenzi, wakili wako afanye utafutaji wa hati yeye mwenyewe asipewe kopi, na mwishoni kaunti itoe kibali cha kuhamia.

Basi nakushauri hivi. Usilipe 10% kwa sababu ya wiki mbili zao, gorofa ya nne haikimbii. Waandikie barua pepe, wacha WhatsApp, uombe namba ya mradi wa EDGE na karatasi yenye zile asilimia tatu za mradi wao, maana 20% ndicho kima cha chini na wao wana namba zao halisi. Jina la mradi litafute pia wewe kwenye orodha ya miradi iliyoko kwenye tovuti ya EDGE. Halafu wakili aingize kwenye mkataba kwamba cheti cha mwisho kitatolewa ndani ya muda fulani baada ya kukabidhiwa, na sehemu ya pesa ya mwisho, tuseme ile tofauti ya laki sita kama watakataa kushuka, ikae kwa wakili mpaka cheti kitoke, kisipotoka irudi kwako. Muuzaji mwenye nia ya kukamilisha hatapata taabu kusaini hilo. Akikataa katakata umeshajua, na ile picha ya WhatsApp pamoja na maneno ya ajenti ziweke, umuulize wakili sheria inasemaje kuhusu kuuza kitu kwa sifa ambazo hakina.

Mkishindwana, ile ya milioni 6.2 usiidharau. Kaitazame saa kumi jioni vilevile. Kama ukumbi unapata upepo na madirisha ni ya kiasi, laki moja na nusu inatosha kwa feni za dari, mifereji, vyoo na vivuli vya nje, utakuwa umepata zaidi ya nusu ya faida bila karatasi. Utakosa tu lile jicho la mtu wa nje, kwa hiyo mlipe fundi wako mwenyewe unayemwamini apande juu ya paa siku ya kukabidhiwa, na apande kweli.

Ploti ya Mtwapa mwambie babake watoto si wazo baya, ila aketi na dadako jioni moja amsimulie ile miaka saba.

Wakikujibu kuhusu kioo niandikie tena, nataka kuiona hiyo namba.

Shangazi yako